Baba ameacha usukani, sasa mtuambie apande nini

Barua ya wazi kwa wote mlioshika dhamana ya barabara, leseni na usafiri wa mijini, kuanzia wizarani mpaka halmashauri

Wakubwa zetu shikamooni, na wale rika langu habari za kazi.

Naandika hii barua funguo za gari ya baba ziko kwenye mkoba wangu, ziko hapo mwezi wa nne sasa, na kila nikienda nyumbani ananiuliza kama ziko salama. Haziombi, anauliza tu kama ziko salama. Mimi najua maana yake na yeye anajua kwamba najua.

Baba ana miaka 73. Alikuwa dereva wa malori, Dar Tunduma, Dar Lusaka, zaidi ya miaka 30, na kitu anachojivunia kuliko vyote ni kwamba hajawahi kugonga mtu. Alipostaafu akanunua Carina Ti ya kijivu na hiyo gari ndo ikawa miguu ya nyumba nzima. Kanisani, sokoni, misibani, kliniki ya presha ya mama, wajukuu wakichelewa basi la shule ni babu. Tunakaa Mbezi, ukishapita kituo cha Luis unaenda mbele kidogo kuelekea Kibamba, kwahiyo barabara yetu ni ile ya Morogoro iliyopanuliwa, Kimara mpaka Kibaha njia 8. Barabara nzuri kweli, nawapongeza, na nitairudia huko mbele.

Mwaka jana tulikuwa tunatoka msibani Chalinze, usiku, mimi nimekaa mbele na baba, mama na shangazi nyuma wamesinzia. Kile kipande cha Chalinze kuja Mlandizi mnakijua, malori yanapishana muda wote na taa kali usoni, na baba alikuwa kimya sana, anafuata lori moja lililokuwa mbele yetu, nikadhani anakwepa tu kuovateki usiku. Tulipokaribia Mlandizi lile lori likakunja kushoto kwenda kupaki, na sisi tukakunja nalo. Tairi zikaacha lami, nikaona jiko la mama mmoja anayechoma mahindi liko mbele ya boneti kabisa, nikapiga kelele, baba akashika breki gari ikafa palepale. Yule mama alishasimama kando ameshika kipepeo chake mkononi ananitazama. Baba akakaa hapo ameshika usukani kwa mikono miwili, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, mistari ya barabara siioni. Nilikuwa nashika taa za nyuma za lile lori."

Hatukuumia na hatukuumiza. Lakini toka siku ile sijawahi kulisahau lile jiko.

Tukampeleka hospitali macho. Mtoto wa jicho kwenye jicho moja, na presha ya macho kwenye yote mawili. Daktari akatueleza kitu ambacho natamani kila mtu anayegusa leseni za watu angekijua. Mtoto wa jicho unatolewa kwa operesheni na mtu anarudi kuona, ila presha ya macho inakula kuanzia pembeni, taratibu, bila maumivu, katikati panabaki pazuri, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ndo maana baba alisoma zile herufi za ukutani vizuri tu siku anahuisha leseni, na wakati huohuo bodaboda ikitokea ubavuni haioni mpaka iwe imeshafika mbele yake. Halafu daktari akaongeza kwamba hata bila ugonjwa wowote jicho la mtu wa miaka 60 linapokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Kwahiyo ile barabara ambayo mimi naiona ina giza kidogo, kwa baba ni giza kweli.

Leseni yenyewe aliihuisha 2023. Siku hizi ni miaka 5 kwa shilingi 70,000, kijana wa miaka 25 anapewa mitano na mzee wa 71 anapewa mitano. Kwa karatasi baba yangu ana ruhusa halali ya kuendesha usiku kwenye barabara ya Morogoro mpaka 2028. Miaka mitano kwenye macho ya mzee ni mingi mno jamani. Uingereza ukifika miaka 70 unahuisha kila baada ya miaka 3. Japani, ambako ndo yanakotoka haya magari tunayoendesha, dereva wa miaka 75 na kuendelea anapimwa kumbukumbu kabla hajahuisha. Sisi tungeanza hata na kidogo, ukivuka 65 leseni iwe fupi zaidi na macho yapimwe na mtu wa macho, mpaka pembeni, isiwe herufi za ukutani peke yake. Na iwepo leseni ya mchana tu. Wapo wazee wengi wanaoendesha salama kabisa saa nne asubuhi, hawakimbizi gari, hawanywi, hawachati na simu, hatari yao ni usiku na kwenye makutano ambapo inabidi ugeuze shingo haraka huku na huku. Kuna haja gani ya kumnyang'anya mtu mchana kwa sababu ya usiku?

Pia madaktari waulize. Baba ana dawa za presha, mama ana zake, na katika miaka yote ya kuhudhuria kliniki hakuna hata mmoja aliyemuuliza baba swali dogo la "mzee, unaendesha gari?" Kuna dawa zinalegeza mtu, kuna nyingine ukisimama ghafla kichwa kinazunguka, ni swali la sekunde tano tu.

Lakini hayo yote sio kilichonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu ya kilichotokea baada ya baba kukubali.

Maana alikubali. Tulijipanga watoto wote wanne, tukatafuta na baba mdogo aje aongee nae kiutu uzima, tulikuwa tumejiandaa kwa ugomvi, na baba akatoa funguo mfukoni mwenyewe akaziweka mezani kabla hata baba mdogo hajamaliza chai. Akasema, "Sitaki kumaliza kazi yangu kwa kuua mtu." Akaingia ndani.

Jumatano iliyofuata alikuwa na kliniki ya macho. Sisi wote tupo kazini, mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ila nikachelewa, akaamua kwenda mwenyewe na daladala. Coaster. Mnaijua ile ngazi ya kwanza ilivyo juu, kijana anaruka, mzee inabidi ashike mlango kwa mikono miwili ajivute. Kupanda alipanda, vijana wawili walimsaidia, Mungu awabariki. Kushuka ndo shughuli. Gari imefika kituoni haijasimama, inatambaa, kwa sababu nyuma kuna nyingine inagombea abiria walewale, konda akamwambia, na nina uhakika kwa nia nzuri kabisa, "Tanguliza mguu wa kushoto mzee wangu, mguu wa kushoto."

Naomba msimame hapo kidogo mlifikirie hilo neno. Kila anayepanda daladala Dar analijua, wanaambiwa wamama wajawazito, wanaambiwa wazee. Maana yake ni kwamba gari haitasimama, kwahiyo wewe ndo ujifunze namna ya kushuka kwenye gari inayotembea. Tumelizoea mpaka tunalichukulia kama upole.

Baba alitanguliza mguu wa kushoto. Goti la kushoto ndo bovu. Akaenda chini, kiganja kikachubuka mpaka nyama, na mfuko wa nailoni wenye kadi ya kliniki na dawa za matone ukabaki ndani ya gari ukaondoka nao. Muuza vocha mmoja alimnyanyua akampa kiti chake. Nilipomkuta alikuwa amekaa kwenye kile kiti kidogo cha plastiki chini ya mwamvuli, mkono umefungwa leso ya yule kijana, na hakuongelea mkono wala goti. Alisema, "Miaka 30 nimebeba mizigo ya watu sijawahi kuangusha hata katoni moja."

Na sitaki mtu asome hapa akasema tatizo ni konda. Konda yule na suka wake, yaani dereva, wana hesabu ya bosi, kila siku lazima ipatikane, ikipungua wanaijazia mfukoni mwao, na wengi ni deiwaka, vibarua wa siku, hata mkataba hawana. Mtu anayeishi kwa hesabu kila sekunde kwake ni hela. Goti la mzee linahitaji sekunde kumi na mbili kushuka ngazi tatu, nimehesabu, na kwenye hesabu ya bosi hizo sekunde kumi na mbili hazimo. Mtakamata makonda mpaka mchoke, mkiwaacha kwenye mfumo wa hesabu wataendelea kusema mguu wa kushoto. Anzeni na matajiri wa magari. Mkataba na mshahara kwa dereva na konda liwe sharti la kupewa njia, na lisiwe la kwenye makaratasi tu, mtu aende akawaulize wenyewe wanalipwaje.

Kwenye nauli nina ombi na nina woga. Ombi ni mzee wa miaka 60 na kuendelea apewe nafuu, tayari tunakubaliana kama taifa kwamba umri huo unastahili kitu, ipo sera ya wazee ya mwaka 2003, yapo matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, na pale hospitali pameandikwa mpishe mzee. Ila matibabu bure yako hospitalini na mzee yuko Mbezi. Baada ya ile Jumatano tunamkodia bajaji, elfu 8 kwenda elfu 8 kurudi, kwa sababu bajaji iko chini na inasimama mlangoni. Bodaboda hawezi kunyanyua mguu kuvuka siti. Sisi tupo wanne tunachangishana, je yule mwenye mtoto mmoja asiye na kazi?

Woga wangu ni huu, msije mkatangaza nusu nauli kwa wazee halafu aliyebeba mzigo awe konda. Tumeshaona kwa wanafunzi, wanalipa 200 wakati mtu mzima analipa 600 safari fupi, na kila asubuhi mnawaona vituoni wanavyosukumwa mlangoni, konda anasema wawili tu, wawili tu wametosha. Mkifanya hivyohivyo kwa wazee basi baba yangu, ambaye sasa hivi anachukuliwa kwa sababu analipa kamili, nae ataachwa kituoni na madenti. Nafuu ilipwe na serikali moja kwa moja, kwa kadi au kwa namna yoyote ile mnayoona, ili kwa konda mzee awe na thamani ileile ya abiria mwingine. Zanzibar tangu 2016 wanawapa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na kuendelea kila mwezi, kwahiyo sio kwamba haiwezekani kabisa mtu akishaamua.

Na kitu kizuri mlishakifanya wenyewe. Vile vituo vya mwendokasi vya njia ya Kimara, vilivyoanza kazi 2016, sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko usawa. Mzee anaingia kama anaingia sebuleni kwake. Nilimpeleka baba mchana saa nane siku moja kusipokuwa na msongamano, toka Kimara mpaka Kivukoni, akaingia na fimbo yake hajashikwa na mtu, akakaa dirishani, na njia nzima alikuwa anasoma alama za barabarani kwa sauti kama anamfundisha mtu. Sasa kwa nini kituo cha daladala kisinyanyuliwe hata kidogo, hata ukingo wa zege tu usawa na ngazi ya kwanza? Hilo halihitaji mkopo wa nje.

Nilisema nitairudia barabara yetu ya njia 8.

Mama yangu ana miaka 69 na huwa havuki peke yake. Anasubiri watoto wa shule. Nimeligundua hili juzi juzi tu, namuona kasimama na kikapu chake muda mrefu kwenye zebra, nikamuuliza unasubiri nini, akasema nasubiri watoto, magari yanawasimamia watoto. Kwahiyo anavuka nao katikati, wao wanakimbia kidogo na yeye anajitahidi, na likizo ya shule mama haendi ng'ambo ya pili mpaka mmoja wetu awepo. Mimi nilikuwa nadhani likizo anapumzika.

Nikampima kwa saa ya simu. Mita 10 kwa sekunde 13, na hapo hana kikapu. Njia moja ina kama mita 3 na nusu, nane ni mita 28 ukiacha kisiwa cha katikati. Nimesoma kwamba sehemu nyingi duniani hesabu ya kuvuka inapigwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, huyo anamaliza kwa sekunde 23. Mama anahitaji 36. Tofauti ni sekunde 13, na gari inayotembea spidi 50, yaani ile ya kisheria sehemu zenye makazi, kila sekunde inakula karibu mita 14. Zidisheni wenyewe, ni kama mita 180. Maana yake gari ambayo mama hakuiona kabisa alipoanza kuvuka inamkuta bado yuko barabarani, na hiyo ni inayofuata sheria, mnajua wangapi pale wanafuata. Halafu kuna ile ya gari ya kwanza kusimama vizuri na ya pili kuchomoka pembeni yake kwa hasira kujua kwa nini mwenzie kasimama. Faini ya 30,000 ipo, lakini trafiki anakaa kule anakopiga tochi ya kupima spidi, mimi sijawahi kumkuta pale kwenye zebra ya mama.

Msituambie kuhusu daraja la juu. Daraja la ngazi kwa mtu wa goti ni sawa na kumwambia asivuke, na lile la mteremko wa kuzunguka linageuza mita 28 kuwa safari. Tunachoomba ni taa za kuvukia zenye muda wa mama yangu, kisiwa cha katikati kipana chenye kitu cha kushika ili avuke nusu apumzike, tuta kabla ya zebra na sio baada yake, na mwanga juu ya zebra usiku. Mkipima sekunde za taa mpya, mpimieni mzee mwenye kikapu. Ukimtosha yeye umemtosha na mjamzito, na mwenye magongo, na yule mtoto mdogo wa darasa la kwanza.

Mwaka 2022 tulipohesabiwa, watu wa miaka 60 na kuendelea walikuwa karibu milioni 3 na nusu, na wale waliojaza barabara hizi kwa magari yao ya kwanza miaka ya tisini ndo hao wanafika sasa. Kila familia ninayoijua ina mzee mmoja anayeendesha wakati watoto wanajua hapaswi. Hawamwambii, sio kwa woga tu, ni kwamba wanajua akiacha atakaa ndani. Wenzetu Japani hata hili walishaliona, mzee akirudisha leseni kwa hiari anapewa cheti, na kwenye miji mingi akionyesha hicho cheti anapunguziwa nauli ya basi na teksi. Wanachukua kitu mkono huu wanarudisha kitu mkono ule. Sisi baba yangu amekabidhi funguo na alichopata ni mguu wa kushoto.

Kwahiyo ninachowaomba nyie mnaoshika leseni na nyie mnaoshika mabasi na nyie mnaoshika barabara ni mkae meza moja, maana kwa sasa kila mmoja ana kiofisi chake na mzee anaangukia katikati. Mkimwambia mzee macho hayatoshi, siku hiyohiyo aondoke na kitu mkononi cha kumfikisha kliniki na kanisani na kwa dada yake. Mkishindwa hilo msishangae wazee kuendelea kushika taa za nyuma za malori usiku.

Jana baba amenipigia. Ameniambia kliniki ijayo ni Jumatano wiki ya kesho kutwa, saa mbili asubuhi, na kwamba mchana kule anaona vizuri tu, barabara anaijua, angeenda polepole. Nikanyamaza. Akasema basi, nimekusikia. Bajaji tumeshaongea nayo, ya saa kumi na mbili na nusu, na zamu ya kuchanga ni ya mdogo wangu, ambae mshahara wake bado haujatoka.

Mimi mwanae,
Mbezi, Dar es Salaam